Mraba Usiokuwa na Samaki

Afisa wa ramani alifika asubuhi na karatasi kubwa iliyokunjwa kama shuka, akaibandika kwenye ukuta wa chumba changu cha mizani bila kuniomba ruhusa. Ilikuwa ramani ile ile ya bahari yetu, iliyogawanywa miraba yenye namba, ila mraba mmoja, wa kumi na mbili, ulikuwa umepakwa rangi ya chungwa. Nikamuuliza hiyo rangi maana yake nini. Akasema ni mchanga. Kuna meli inakuja kunyonya mchanga wa ujenzi kutoka chini ya bahari, na ofisi yao ilitakiwa kuitafutia mahali ambapo haitamsumbua mvuvi yeyote. Walikuwa wamepitia taarifa zetu zote, mraba baada ya mraba, na katika kumi na mbili haikuwahi kuandikwa hata kilo moja.

"Mmeturahisishia kazi, mama," alisema. "Gati nyingine taarifa zao ni vurugu tupu. Zenu zimenyooka."

Akanieleza kwamba mkutano utakuwa mchana, kwenye banda la mnada, na wavuvi wote waje. Asipopatikana mwenye pingamizi, ramani inapelekwa kutiwa sahihi jioni hiyo hiyo. Nikamuuliza meli ikishaanza kunyonya, chini kunabaki nini. Akajibu kwa upole kabisa kwamba kunabaki shimo.

Nilimpa kiti. Mimi mwenyewe sikuweza kukaa. Nikaifuta mizani iliyokuwa safi, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikapanga kreti zilizokuwa zimepangwa tayari, mwisho nikamwambia naenda kuita watu, nikatoka.

Lazima nieleze kazi yangu, la sivyo haitaeleweka tulivyofika hapo. Kila boti inayotia nanga gatini kwetu inapitia kwangu. Napima kreti, naandika aina ya samaki, kama wamevuliwa kwa wavu au kwa mshipi, boti ilikaa majini kwa muda gani, kisha nauliza mraba gani. Kilo nazipima mwenyewe. Aina nazitambua mwenyewe, nina stashahada ya hayo mambo. Lakini mraba sikuwepo, sikuuona. Nauandika kama nahodha alivyousema, yeye anaweka sahihi, na taarifa inakwenda ofisini kwa simu ya kazi.

Na manahodha wetu, kila mmoja, kila siku, wanasema saba.

Saba ni tope. Ni tope na viwavi wa bahari, mahali ambapo hata ndege hashuki. Hakuna aliyewaitisha kikao wakubaliane. Ila hakuna nahodha anayemtajia mwenzake anakovua, na chumba cha mizani kina dirisha moja na masikio mengi, basi wa kwanza alisema saba ili wambea wakose cha kusikia, wa pili akamwiga, ikawa ndiyo desturi. Mwisho saba ikawa namna ya kusema usinichunguze. Ukimuuliza mtu jana alikuwa wapi mbona hakuonekana, anakwambia saba. Nahodha tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki, aliwahi kuulizwa na mkewe mbele yetu sote hayo marashi kwenye shati yametoka wapi. Akajibu saba. Tulicheka mpaka mnada ukasimama.

Mimi nikiandika saba, mbele yangu kwenye kreti amelala chewa mnene, samaki wa mawe, anayekaa kwenye mapango kama mwenye nyumba. Niliwaambia manahodha zaidi ya mara moja kwamba chewa wa kwenye tope sijamsoma chuo chochote. Wakacheka, wakaweka sahihi. Kitu ambacho hatukukifikiria, sisi wote na ujanja wetu, ni kwamba ukiandika samaki mahali ambapo hawapo, umeandika pia kwamba hawapo pale walipo.

Na kumi na mbili ndiyo bahari ya binti yangu.

Aliipata mwenyewe. Injini ilimzimikia, boti ikachukuliwa na mkondo, akatupa nanga kwa kubahatisha, nanga ikang'ata jiwe. Wakati anahangaika na plagi, msaidizi wake akateremsha mshipi ili asikae bure. Walirudi jioni wakivutwa na boti ya mtu mwingine, injini mfu, kreti zimejaa. Alinieleza jikoni, mlango umefungwa, akaniapisha nisimwambie hata baba yake. Baba yake ni seremala, samaki anawajua wakiwa kwenye sahani, lakini niliapa. Tangu siku hiyo boti yake haijalala njaa. Wanawe wanasomea pale, wasaidizi wake wawili wanakula pale. Meli ikinyonya mchanga unaoyashikilia mawe yale, binti yangu ana boti nzuri ya kukalia ufukweni.

Nilimkuta kwenye banda la barafu, amepanda juu ya kreti, anafungua bomba lililoziba. Gatini wanamwita Nahodha tu, hata wazee. Begani alikuwa na begi lake dogo, na ndani ya begi kifaa chake cha GPS, ambacho hakiachi botini hata akienda kunywa chai. Ndani ya kifaa kile kuna alama za kila alikowahi kuzima injini. Nyumbani anakifunga kwenye kanga na kukiweka chini ya mto. Mumewe alishasema siku moja atamkumbatia akumbatie waya.

Nikamwambia yote kwa mkupuo, bila kuzunguka. Akashuka. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama nimemtajia mtu. Nikamwambia asinitukane. Cha pili akauliza kama kuna mwingine anayevua kule.

Nilikuwa najua, au karibu kujua. Samaki wana sura za kwao, na chewa wa Redio na chewa wa yule mzee tunayemwita Mstaafu, aliyekuwa askari kabla ya kununua boti, walikuwa na weusi ule ule wa binti yangu, na matumboni mwao kaa wale wale. Lakini mambo ya boti moja hayapelekwi kwa nyingine. Karani wa mizani akianza kupeleka, siku ya pili hakuna atakayempitishia hata dagaa. Hata mwanangu sikuwahi kumwambia.

"Sijui," nikasema.

"Basi kama yupo, atasema yeye mchana."

"Na kama anakungoja wewe?"

Alichomoa ukurasa wa taarifa uliokuwa umebandikwa ukutani, akanionyesha maandishi madogo ya chini, kana kwamba mimi siyajui. Nahodha atakayetoa taarifa ya uongo atafungiwa leseni hadi mwisho wa msimu.

"Nikisema, nafungiwa, na kila boti ya hapa inahamia juu ya mawe yangu," alisema. "Nikinyamaza, meli inayabeba. Sasa niambie, mama, hapo nachagua nini?"

"Mawe yaliyopo. Hata ukigawana."

"Rahisi kwako. Wewe unashika kalamu, mimi nashika usukani." Akapanda tena juu ya kreti. "Na uliapa. Ukisimama ukataja kumi na mbili, usije kwangu tena."

Anapoongea hivyo namjua, hatanii. Nikatoka.

Niliizunguka gati nzima kama kuku anayetafuta pa kutaga. Redio alikuwa kwenye mapipa ya mafuta, anamsimulia muuza mafuta habari ya mtu ambaye wala hawamjui. Nikamweleza kuhusu mkutano, nikamtajia mraba. Yule mtu ambaye ukimsalimia unapoteza asubuhi nzima, alifunga mdomo. Kisha akasema kumi na mbili hakuna kitu, wachukue tu, hata nyoka wa bahari hataki kwenda, na akarudia maneno hayo kwa kasi kama mtoto anayekana kula sukari. Nikaenda kwa Mstaafu. Alikuwa amekaa kwenye ukuta, anafunga ndoana moja moja, miwani kwenye ncha ya pua. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akaniuliza kumi na mbili iko upande gani. Amevua bahari hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Nikamwambia, "Mzee, mkutano ni mchana. Usikose."

"Siwezi kukosa," akasema, na ndoana ikamchoma kidole.

Mchana banda lilijaa. Sakafu ilikuwa bado na maji ya kuoshea, watu wamesimama wamekunja suruali. Afisa aliihamishia ramani yake kwenye ubao wa bei. Aliongea vizuri, bila majivuno, akaeleza ukubwa wa meli, kelele zake, muda itakaokaa. Akasema wao hawana njia ya kuona chini ya bahari, wanaona kile tunachowaandikia, na ndiyo sababu wameileta mahali ambapo sisi wenyewe tumesema hatupatumii. Akauliza kama kuna mtu anavua kumi na mbili.

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amekaa kwenye kreti iliyopinduliwa, begi mapajani, amelikumbatia kwa mikono miwili, anaangalia maji ya sakafuni. Redio alikuwa anaangalia dari. Mstaafu alikuwa anafuta miwani.

Afisa akauliza tena, akasema asitokee mtu kesho kulalamika. Mtu mmoja nyuma akauliza kama meli itaajiri vijana. Mwingine akauliza kama mafuta yatapanda bei. Maswali ya kupitisha muda. Miguu yangu ilikuwa inanicheza kama ya mtu anayebanwa. Mara ya tatu afisa alipouliza, alikuwa tayari ameshafungua kalamu.

Nikasimama. Binti yangu aliinua uso, na sijui kama kuna mtu amewahi kunitazama vile.

Sikutaja kumi na mbili. Nilisema nina jambo kuhusu saba. Nikasema saba ni tope, na kwa muda wote niliokaa kwenye mizani nimeandika kutoka saba chewa na changu na samaki wa mawe wa kila namna. Samaki hao hawakai kwenye tope. Kwa hiyo, ama mimi simjui samaki, na chuo kinirudishe darasani, au manahodha waliokaa hapa hawakuvua saba.

Banda likalipuka. Redio alikuwa wa kwanza, akasema Mama Mizani ametugeuka, amekula chumvi yetu, sasa anatuuza mchana kweupe. Mwingine akasema mwanamke huyu siku zote anatupima kwa jicho baya. Nikawaacha wamalize. Matusi ya gatini nimeyazoea, mengine nilishiriki kuyatunga.

Afisa hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya mnada, akapitia simu yake, na rangi ikawa inampotea kidogo kidogo usoni. Akasema kama ndivyo, basi sheria iko wazi kuhusu taarifa za uongo, na yeye hana ruhusa ya kujifanya hajasikia. Akaniambia mimi nami nitaandika maelezo. Nikasema nitaandika.

"Lakini hiyo haibadilishi rangi ya ramani," akaendelea. "Mnanieleza ambako hamkuvua. Sijaambiwa mlikovua. Bila mahali, siwezi kuihamisha meli."

Akangoja. Kisha akaanza kuibandua ramani, kona ya kwanza, kona ya pili, taratibu, kama mtu anayetumaini ataitwa. Nilikuwa bado nimesimama. Nilikuwa nimemaliza maneno yote niliyokuwa na haki ya kusema, na yaliyobaki yalikuwa ya mtu mwingine.

Akafikia kona ya tatu.

Binti yangu alisimama, akafungua begi, akatoa kile kifaa bado kimefungwa kanga. Akakiweka mezani na kukiwasha.

"Kumi na mbili," alisema. "Kona ya juu, upande wa nchi kavu. Navua kule. Nimevua kule siku zote. Angalia alama."

Kabla afisa hajainama, Redio alikuwa ameshafika mezani, amewasukuma watu wawili.

"Nani amekuonyesha Meza yangu?"

"Meza gani?"

"Hilo jiwe. Lile bapa. Mimi nililiona kwanza, nikalipa jina."

"Mnaloliita meza," ikasema sauti ya Mstaafu kutoka nyuma, "lina pango upande wa kusini, na pango hilo nilishaingiza ndoana kabla nyote wawili hamjaota meno."

"Asubuhi uliniuliza kumi na mbili iko upande gani, mzee," nikamwambia.

"Nilikuwa nakupima," akasema, na banda zima likaangua kicheko, hata wale waliokuwa wakinitukana.

Kisha yakaanza kutoka, moja likavuta jingine. Binti yangu huenda alfajiri na kuondoka jua likichomoza. Redio huenda adhuhuri, wakati watu wenye akili wako kivulini. Mstaafu huenda siku za mapumziko tu, akiaga nyumbani kwamba anatembelea wagonjwa. Redio akasema mara nyingi alikuta utando wa mafuta juu ya maji, akadhani ni wa meli za mbali. Binti yangu akasema mshipi wake uliwahi kupanda na ndoana ya mtu iliyofungwa kwa fundo zuri ajabu, na anaitumia hadi leo. Mstaafu akaomba arudishiwe. Walikuwa wanagombana na huku wanachora kwa vidole juu ya meza, huyu akimrekebisha mwenzake ulipo mwinuko na mahali mkondo unapogeuka, na waliosimama karibu wakawa wanasogea, shingo zimerefuka. Siri ya mwanangu ilikuwa inatembea banda zima mbele ya macho yangu.

Afisa aliviomba vifaa vya GPS vya wote watatu, akavipanga kimoja kando ya kingine. Alama zilikuwa zimerundikana mahali pamoja kama nzi kwenye kidonda. Akapiga picha. Akaiweka ramani mezani, akaandika kwa kalamu nyeusi juu ya ile rangi kwamba pana uvuvi, akaweka sahihi, na wao watatu wakaweka zao. Akasema meli itatafutiwa mahali pengine. Mtu wa nyuma akapendekeza saba, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu halikuwa wazo baya.

Halafu akatoa karatasi nyingine. Boti zote tatu leseni zimefungwa, kuanzia kesho asubuhi hadi mwisho wa msimu. Manahodha wengine watapitiwa mmoja mmoja, chewa kwa chewa. Ghafla kila mtu akakumbuka ana kazi nyumbani.

Binti yangu alikwishatoka. Nilimfuata, na kwa kuwa anatembea haraka na mimi nina magoti ya umri wangu, nilimpata karibu na vibanda vya nyavu. Nikamwambia sikuutaja mraba wake. Kiapo changu kizima.

Akageuka. "Uliwasha moto, ukanisukuma ndani, sasa unaniambia mikono yako haina masizi."

"Ndiyo, nilikusukuma."

"Basi usiniletee mambo ya kiapo, mama."

Sikuomba radhi. Nilifikiria kuomba, nikaona ningekuwa naongopa, na siku ile uongo ulikuwa umetutosha. Nikamwambia mawe yapo. Akasema ndiyo, yapo, na kesho watu watakuwa wamekaa juu yake kama abiria kituoni, na yeye atakuwa nyumbani anachambua mchele. Nikamwambia msimu una mwisho, shimo halina. Alitazama baharini, begi limelegea begani. Kisha akaniuliza afisa amesema leseni inafungwa lini.

"Kesho asubuhi."

Akatazama jua. Akaanza kukimbia.

Nilipofika gatini nikihema, injini ya Redio ilikuwa tayari inanguruma. Yeye mwenyewe amesimama juu ya boti, anajaribu kumweleza msaidizi wake habari nzima huku anavuta nanga, na hakuna kati ya hayo mawili lililokuwa linakwenda vizuri. Mstaafu alikuwa anapitisha ndoo za chambo, suruali ya mkutanoni bado ina mstari wa pasi. Wote watatu walikuwa wamepata wazo moja kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Binti yangu aliruka ndani, akawapigia kelele wasaidizi wake waache barafu, hakuna muda wa barafu. Kamba yake ilikuwa imekaza kwenye nguzo, fundo limelowa, na yeye alikuwa kwenye injini.

"Fungua kamba, mama," akasema bila kugeuka.

Nikapiga magoti kwenye zege, nikang'ang'ana na fundo kwa kucha, likaachia, nikamrushia kamba. Hakusema asante, na sikuingoja. Boti tatu zikatoka zikifuatana. Kila siku huanza kwa kuelekea kusini, upande wa saba, ili watu wa ufukweni waone, kisha hupinda zikishavuka mwamba. Siku ile hakuna aliyezunguka. Zilinyoosha moja kwa moja kumi na mbili, Redio mbele, binti yangu akimkaribia, Mstaafu nyuma akiwapigia honi wampishe.

Nilikaa juu ya nguzo kwa muda mfupi kuliko nilivyohitaji. Kwenye chumba cha mizani afisa alikuwa anakunja ramani yake, akaniuliza kelele zile ni za nini. Nikamwambia za watu wanaokwenda kazini, na kwamba kama anataka kuona kumi na mbili inazaa nini, angoje, nitampimia mbele yake. Akaangalia saa, akavuta kiti. Mimi nikaenda kuleta kreti.